KUSOMA MAJIBU YA UPIMAJI WA OILI BAADA YA INJINI KUTENGENEZWA

(Mazungumzo yafuatayo yalitolewa kwa madereva, mafundi na waangalizi wa mitambo huko Nkwenda, Wilaya ya Kyerwa, Mkoani Kagera. Yanachapishwa kwa faida ya watumishi wa Serikali na wananchi wa visiwani, ambao injini za magari na vyombo vyao vya baharini zahitaji uangalizi huo huo.)



Gari la wagonjwa au mashine ya kukoboa kahawa inapotoka katika matengenezo makubwa, fedha nyingi huwa imekwishatumika. Baadaye hufika karatasi ya maabara iliyojaa tarakimu, na hapo hutokea makosa mawili. La kwanza, mkuu wa kazi huona tarakimu kubwa ya chuma, akamlaumu fundi na kuamuru injini ifunguliwe upya. La pili, karatasi hutiwa jaladani bila kusomwa. Makosa yote mawili huleta hasara.

Upimaji huu ulianzia katika injini za treni huko Marekani miaka ya 1940. Maabara hupima madini yaliyomo katika oili kwa sehemu katika milioni moja. Chuma hutoka hasa katika silinda na krenki. Aluminiamu katika pistoni. Kromiamu katika ringi. Shaba, risasi na bati katika beringi. Zinki, fosforasi na kalsiamu ni dawa zilizotiwa kiwandani, wala si dalili ya kulika. Kwa sababu hiyo ni vyema kupeleka pia sampuli ya oili mpya, ili pawepo cha kulinganishia.

Injini iliyotiwa ringi na beringi mpya hulika zaidi mwanzoni, hadi vyuma vizoeane. Silikoni nayo huweza kupanda kwa sababu ya gundi ya gasketi. Hivyo sampuli ya kwanza pekee haitoshi kutoa hukumu.

Tarakimu isisomwe bila saa za kazi za oili yenyewe. Nitoe mfano. Sampuli ya kwanza ilichukuliwa baada ya saa 50, ikaonyesha chuma 60. Oili ikabadilishwa, na sampuli ya pili, baada ya saa 250, ikaonyesha chuma 75. Asiyejua atasema hali imeharibika. Lakini ukigawa, ya kwanza ni 1.2 kwa kila saa, na ya pili ni 0.3. Kulika kumepungua hadi robo, na injini inatengemaa.

Hata hivyo, ndugu zangu, zipo dalili zisizongoja sampuli ya pili.

Kwanza, maji, au sodiamu na potasiamu zisizokuwamo katika oili mpya. Hizo huonyesha kuwa maji ya rejeta yanaingia ndani, pengine kwa gasketi isiyokaa sawa. Kwa chombo cha baharini, sodiamu huweza kutokana na maji ya chumvi.

Pili, oili kuwa nyepesi. Oili ya 15W-40, katika joto la nyuzi 100, hutakiwa kuwa na uzito wa mnato kati ya 12.5 na 16.3. Ikishuka chini ya hapo, huenda dizeli inavuja katika nozeli. Nazo beringi mpya haziwezi kuvumilia.

Tatu, silikoni na aluminiamu kupanda pamoja, chuma kikifuata. Hilo ni vumbi. Katika barabara zetu za udongo mwekundu, mpira wa filta ya hewa usiofungwa sawasawa baada ya matengenezo waweza kumaliza ringi mpya kwa muda mfupi. Silikoni ya gundi hupungua kila oili inapobadilishwa. Ya vumbi haipungui mpaka tundu lizibwe.

Tukumbuke pia kwamba kipimo hiki huona chembe ndogo sana tu. Vipande vikubwa vya beringi inayovunjika huweza kutoonekana. Kwa hiyo filta kuukuu ya oili ikatwe na kukaguliwa kwa macho.

Kwa kumalizia, nawaomba mambo matatu. Sampuli ichukuliwe injini ikiwa ya moto, katika chupa safi na kavu. Iandikwe tarehe ya matengenezo, saa au kilomita za injini na za oili, na kiasi cha oili kilichoongezwa. Na majibu yote yahifadhiwe katika jalada la chombo husika, yasomwe kwa mfuatano, fundi aliyeitengeneza injini akiwapo. Kwa njia hiyo fundi mwema hataonewa, na kasoro ya kweli itagunduliwa kabla gari la wagonjwa halijakwama njiani.