Alamu na Kufuli za Gari la Kikundi: Pima Kwanza, Kata Baadaye



Leo tuongee juu ya gari la kikundi. Wengi wetu tulichanga kidogo kidogo mpaka tukapata pikapu ya kubebea maziwa au mboga. Likishafika nyumbani tunataka alamu, tena rimoti ile ile ifunge na milango. Jambo zuri. Lakini waya uliounganishwa kwa kubahatisha unaweza kutumaliza haraka kuliko mwizi.

Tuelewe kwanza. Ndani ya mlango mna mota ndogo inayosukuma kufuli. Swichi iliyokuja na gari ndiyo huiamuru. Alamu tunayoongeza inakuwa tu kama swichi ya pili, kwa hivyo ni lazima ifuate namna ya ile ya kwanza. Namna zenyewe ni tatu hasa.

1. Ya hasi. Ukibonyeza swichi, waya wake unagusishwa na bodi ya gari. Hapa waya wa alamu wa kufunga na ule wa kufungua huungwa moja kwa moja mara nyingi, bila rilei.

2. Ya chanya. Ukibonyeza, waya unapata volti 12. Alamu nyingi hutoa hasi dhaifu tu, basi zinatakiwa rilei mbili za kuigeuza iwe chanya.

3. Ya kugeuza. Hii ndiyo ya kuangaliwa sana. Stima ya mota inapita kwenye swichi yenyewe. Swichi ikitulia, nyaya zote mbili ziko kwenye hasi. Ukifunga, mmoja unapata chanya. Ukifungua, unapata ule mwingine. Sasa fundi akichomeka chanya ya alamu hapo bila kukata waya, chanya na hasi zinakutana. Fyuzi ikiwepo, itaungua peke yake. Isipokuwepo, waya utapata moto, plastiki itayeyuka, na gari laweza kuteketea. Njia sawa ni kukata nyaya zote mbili na kuweka rilei kwa kila mmoja. Mguu wa 30 uende kwa mota, 87a urudi kwa swichi, na 87 upate chanya yenye fyuzi. Miguu ya 85 na 86 ni ya koili: mmoja chanya, mwingine waya wa alamu.

Tutajuaje gari letu ni la namna gani? Kwa mita. Waya mweusi wa mita ushikwe kwenye bodi, mwekundu uguse waya wa swichi, halafu mtu abonyeze kufunga na kufungua huku fundi akisoma. Asitumie taa ya balbu ya kupimia, maana magari ya siku hizi hufunga milango kwa kompyuta, na balbu hiyo yaweza kuiharibu. Mengine yana waya mmoja tu wa kufunga na kufungua. Hayo yanataka kifaa chake maalum, si kulazimisha.

Kabla ya kumpa fundi funguo, kamati imwulize hivi:
- Umepima? Ni namna gani kati ya hizo tatu?
- Fyuzi utaiweka wapi? Jibu sawa: karibu na betri, mwanzoni mwa waya.
- Utatoa waya wa hasi wa betri kabla ya kukata?
- Viungo utavichomelea risasi na kuvifunga tepu, au utavisokota tu?

Nyaya za manjano za mifuko ya hewa zisiguswe kabisa. Na siku ya kujaribu, kioo kimoja kiwe wazi na ufunguo uwe mkononi, tusije tukajifungia nje.

Fundi asiyeweza kujibu maswali haya, tumshukuru na tutafute mwingine. Ada ya kupima ni ndogo. Gari likiungua, itabidi tuanze tena kuchanga.