Kufunga Tela Si Kufunga Kamba Tu

Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani



Nimeombwa niseme machache juu ya elimu na kazi. Katika mikutano ya namna hii wasemaji wengi huzungumzia vyeo. Mimi napenda nizungumzie tela, kamba na mtumbwi, kwa sababu karibu kila mmoja wetu hapa Mara amepata kupanda kimojawapo, au kukisukuma kilipokwama. Na kwa sababu ndani yake imo fizikia ileile iliyoandikwa ubaoni katika madarasa haya.

Huko Marekani na Ulaya jamaa wengi hufunga mashua, au nyumba yenye magurudumu, nyuma ya gari lao wakaenda mapumzikoni. Tela lililotoka kiwandani huwa na kibao kinachotaja uzito unaoruhusiwa. Sisi hatukokoti kwa starehe, twakokota kwa ajili ya chakula. Bunda, wakati wa pamba, ni trekta na tela lake. Vijiji vya Butiama ni mkokoteni wa ng'ombe uliojengwa juu ya ekseli ya gari lililokufa siku nyingi. Mwigobero, hapa Musoma, ni mtumbwi wa mbao uliofungwa mashine ambayo aliyeujenga hakuifikiria. Vyombo hivi havina kibao. Kibao chake ni akili ya fundi na dhamiri ya mwenye mali.

Sisemi haya kuwadharau mafundi wetu. Mtu anayeokota ekseli kwenye chuma chakavu akaifanya ibebe mahindi ya kijiji kizima ni mtu wa kuheshimiwa. Ninalotaka kusema ni jambo moja tu: ukibadili kiungo kimoja cha chombo, umebadili chombo kizima, na yakupasa upige hesabu upya.

Kwanza, tela. Tela la magurudumu mawili ni mizani, na ekseli ndiyo egemeo lake. Ukilundika mzigo nyuma, mkono wa tela huinuka na kuinua nyuma ya gari linalokokota. Tela huanza kuyumba kama mkia, na kadiri mwendo unavyozidi ndivyo linavyozidi kuyumba, hata kulitoa gari barabarani. Ukilundika wote mbele, magurudumu ya mbele ya gari huwa mepesi na usukani hautii. Kanuni inayotumika sana ni kwamba kiasi cha sehemu moja katika kumi ya uzito ikalie ndoano. Tela la kilo 1,000, basi, lilemee ndoano kwa kilo 100 hivi. Ng'ombe nao ni vivyo hivyo: mzigo ukikaa nyuma mno, nira huwavuta juu na kuwakaba, ukikaa mbele mno, wanabeba badala ya kuvuta.

Tena kuna breki. Ukiongeza mwendo kutoka kilomita 40 kwa saa hadi 80, kazi ya breki haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Tela lisilo na breki halisaidii kusimama, linasukuma. Na juu ya tela hilo, juu ya magunia, mara nyingi tunawapandisha watoto.

Pili, kukwamua gari. Ukitoka Bunda kuelekea lango la Ndabaka, na ndani ya hifadhi ya Serengeti upande huu wa magharibi, kuna udongo mweusi wa mbuga ambao mvua ikinyesha hauchagui gari. Magari mengi ya watalii yamefanyiwa marekebisho: yamerefushwa ili viti viongezeke, na paa limekatwa ili wageni wasimame watazame wanyama. Gari lililorefushwa huwa zito zaidi, na tumbo lake hugusa tuta upesi zaidi. Likikwama, watu huleta kamba au mnyororo wakafunga kwenye bampa. Bampa halikutengenezwa livutwe. Funga kwenye ndoano iliyoshikwa na chesesi. Na mkumbuke kwamba kamba iliyokazwa ni manati: ikikatika, kipande cha chuma kilichoko mwishoni huruka kwa nguvu ya kuua. Watazamaji wasimame mbali kupita urefu wa kamba yenyewe, na gunia zito au blanketi liwekwe juu yake katikati. Ulinzi huo haugharimu hata senti.

Tatu, ziwa. Mtumbwi uliojengwa kwa makasia na tanga, leo tunaufunga mashine. Mashine ya nguvu ya farasi 40 hupita kilo 70, karibu mara mbili ya ile ya farasi 15, na uzito wote huo unaning'inia kwenye ubao wa nyuma. Nyuma huzama; ukipunguza mwendo ghafla, wimbi lako mwenyewe hukufuata na kuingia ndani. Mwenye mtumbwi akiona hivyo huongeza ubao kuzunguka kingo. Kwa macho, chombo kimepata kina. Kwa kweli amepata nafasi ya kupakia zaidi, na shehena ikipanda juu, kitovu cha uzito nacho kinapanda. Chombo kama hicho hupinduliwa na wimbi ambalo zamani kingelipita bila wasiwasi. Na mtumbwi wenye mashine unapoikokota mingine, kamba iwe ndefu, ivute kutoka nyuma wala si ubavuni, na awepo mtu mwenye panga tayari kuikata.

Tumezoea kusema ajali haina kinga. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichobeba jina la Mwalimu, mtoto wa Butiama, kilipinduka kikiwa karibu kufika kisiwa cha Ukara huko Ukerewe. Kiliruhusiwa kubeba abiria 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Ndugu zangu, hapo kinga ilikuwepo, nayo ilikuwa kuhesabu.

Sheria tunazo. Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, na ukaguzi wa vyombo vya majini uko chini ya TASAC. Lakini mkaguzi akija, wengi wetu humwona kama mtoza ushuru. Na sisi watumishi wa Serikali tuna sehemu yetu ya lawama kila tunapogonga muhuri bila kukitazama chombo. Muhuri hauzuii maji.

Kwa hiyo basi, natoa mapendekezo mawili kwa Umoja wetu. La kwanza, tununue mizani ya kupimia mizigo, na kila mwaka kidato cha tatu waende nayo Mwigobero na kwa wachomeleaji wa Bunda, wapime, wapige hesabu, kisha wawasikilize mafundi, maana fundi naye ana mengi ya kumfundisha mwanafunzi. La pili, tununue maboya ya kutosha kwa kila mwanafunzi wa shule hii anayevuka maji kutoka Kinesi au visiwani, na mwanafunzi asiyevaa boya asipande.

Fedha inayohitajika ni ndogo kuliko tunayotumia kwa karamu ya siku hii ya leo. Namwomba Mwenyekiti aliweke jambo hili mbele ya mkutano kabla hatujatawanyika.