Mazungumzo ya Afya: Utumbo Wenye Uvimbe na Chakula cha Nyuzinyuzi

Maneno yafuatayo yalisemwa na mwuguzi mmoja mbele ya wakimbizi kutoka Kongo na wenyeji wao huko Kinama, Bujumbura. Tunayachapa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kufika, na ya ndugu zetu walio kambini.



 Leo sitazungumza juu ya malaria wala chanjo. Nitazungumza juu ya jambo ambalo watu hulionea haya: tumbo linaloharisha damu, likapoa, kisha likarudi tena, mwaka hadi mwaka. Na nitasema juu ya chakula cha mgonjwa huyo, hasa nyuzinyuzi, kwa sababu hapo ndipo mimi mwenyewe nilipokosea.

Alikuja kwangu mama mmoja kutoka upande wa Uvira. Sitamtaja jina. Kwa miaka mitatu alikuwa akiharisha damu, na alikuwa amemeza dawa za amiba mara nyingi hata hesabu imempotea. Mwishowe alipimwa katika hospitali kubwa, akaambiwa ana uvimbe wa utumbo mpana ambao hautokani na mdudu yeyote. Akaja na karatasi yake, akaniuliza: "Muganga, sasa nile nini?"

Nikamjibu kama nilivyozoea kuwajibu watu wote: maharage kwa wingi, mboga za majani, unga usiokobolewa. Baada ya wiki moja hakuweza kusimama. Majirani wakamwambia aache vyote hivyo. Akakaa miezi minne kwa wali mweupe na chai. Damu ilipungua, lakini kilo nazo zilipungua, kutoka 56 hadi 45. Ushauri wangu ulimwumiza, na wa majirani ulimwumiza pia. Kosa letu lilikuwa moja: hakuna aliyeuliza utumbo wake uko katika hali gani siku ile.

Ugonjwa huu ni nini?

Mwili una askari wake wa kupigana na vijidudu. Kwa watu wengine askari hao huupiga utumbo wenyewe, ukavimba na kutoa vidonda. Kuna aina mbili kubwa. Ya kwanza hukaa katika utumbo mpana tu, nayo huitwa kolaitisi ya vidonda. Ya pili huitwa ugonjwa wa Crohn, kwa jina la daktari wa Marekani aliyeueleza pamoja na wenzake mwaka 1932. Huu wa pili unaweza kushika popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa, na mara nyingine huacha makovu yanayofanya utumbo uwe mwembamba.

Ugonjwa huu hauambukizi. Si uchawi, wala si adhabu. Chakula peke yake hakiuponyi. Dawa za daktari ndizo zinazotuliza uvimbe. Kazi ya chakula ni kumpa mgonjwa nguvu bila kuuchokoza utumbo.

Kwanza hakikisha ni ugonjwa gani

Katika nchi zetu damu ikionekana katika choo, mtu hufikiri kwanza kuhara damu kwa vijidudu au amiba. Ni haki kufikiri hivyo. Wengi hapa wanakumbuka Goma mwaka 1994, jinsi kipindupindu na kuhara damu vilivyoua maelfu kwa maelfu ya wakimbizi katika wiki chache. Mwanzoni mwa mwaka 2023 pia kipindupindu kilitangazwa hapa Bujumbura. Kwa hiyo anayeanza kuhara leo aende kituo cha afya leo. Asiseme, "Labda ni ule ugonjwa wa mwuguzi."

Lakini kama kuhara kumezidi mwezi mmoja, au kunarudi kila mara ingawa umemaliza dawa, omba choo kipimwe, na omba barua ya kwenda hospitali kubwa. Huko watatafuta amiba, kichocho na kifua kikuu cha tumbo, na ikihitajika wataangalia ndani ya utumbo kwa mpira wenye kamera. Usinunue dawa za kupunguza uvimbe barabarani. Dawa kama prednisoloni ikimkuta mtu mwenye amiba, inaweza kumletea hatari kubwa.

Nyuzinyuzi ni nini?

Ni sehemu ya mimea ambayo tumbo haliwezi kuisaga: maganda ya maharage, pumba za mahindi, nyama ya avoka, majani ya lengalenga. Zamani zilionekana kama takataka tu. Madaktari wawili waliofanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala, ni miongoni mwa waliobadilisha mawazo hayo. Hao ni Hugh Trowell na Denis Burkitt. Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji, akaishi Uganda kuanzia 1946 hadi 1966. Waliona kwamba watu wa vijijini, waliokula viazi, ndizi, maharage na mboga, hawakupata sana magonjwa ya tumbo yaliyowasumbua Wazungu waliokula mkate mweupe. Leo Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku.

Maneno hayo ni ya kweli kwa mtu mzima wa afya. Mimi nilimpa mgonjwa maneno ya watu wenye afya.

Tena nyuzinyuzi si za namna moja. Ziko laini, zinazolainika katika maji kama uji mzito: za avoka, viazi vitamu, karoti, boga, ndizi mbivu, na sehemu ya ndani ya maharage. Vijidudu vyema vya utumbo mpana huzichachua na kutoa chakula cha ngozi ya ndani ya utumbo. Na ziko ngumu, zisizolainika: maganda, pumba, mbegu, mashina ya mboga. Hizi husukuma choo, lakini huweza kukwaruza na kuziba pale penye uvimbe.

Hali tatu za utumbo

Siku za moto. Unaharisha mara nyingi, kuna damu na maumivu. Punguza nyuzinyuzi ngumu kwa muda. Kula ugali laini wa muhogo au wa unga uliochekechwa, wali, viazi bila maganda, ndizi za kupika, yai, samaki, na ndagala waliosagwa. Kunywa sana. Ukikosa paketi za chumvichumvi, tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, katika lita 1 ya maji safi. Na umwone daktari, kwa sababu moto huu hauzimwi na chakula.

Siku za utulivu. Damu imekwisha na choo kimerudi. Hapa ndipo wengi hukosea kwa hofu. Zamani wagonjwa wote waliambiwa waogope nyuzinyuzi maisha yao yote. Sasa madaktari wanasema kwamba aliyetulia, na ambaye utumbo wake haujawa mwembamba, hana sababu ya kuzikimbia. Azirudishe polepole, aanze na zile laini.

Njia nyembamba. Huyu ni yule ambaye daktari amemwambia utumbo umebana. Hata siku za utulivu aepuke mahindi ya kuchoma, karanga nzima, kutafuna muwa, mapera na mbegu zake, moyo wa nanasi, na sombe yenye nyuzi nyingi. Akivimbiwa, akatapika, asipitishe choo wala upepo, asingoje asubuhi. Apelekwe hospitali.

Chungu kimoja, sahani mbalimbali

Najua mtaniuliza: "Nani ana makaa ya kupika vyungu viwili?" Hakuna haja. Mgonjwa apikiwe pamoja na wote, kisha chakula chake kitengenezwe katika sahani.

Maharage: yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale, yapike hadi yalainike kabisa. Kuloweka hupunguza gesi, na makaa huokoka. Chota ya mgonjwa, yaponde kwa mwiko, yapitishe katika chekeche. Maganda yabaki juu, uji wa maharage ushuke chini. Siku akizoea, ponda tu bila kuchekecha.

Lengalenga: chuma majani machanga, tupa mashina, katakata sana, pika hadi yalainike. Matunda: anza na papai, ndizi mbivu na avoka. Gramu 100 za avoka, yaani kama nusu ya tunda, zina karibu gramu 7 za nyuzinyuzi na mafuta ya kuongeza nguvu. Kwa mtu aliyekonda ni baraka. Karanga zisagwe, zitiwe katika uji.

Ninyi mnaonunua sokoni hapa Kinama mnaweza kuchagua kidogo. Aliye kambini, Musasa au Gasorwe, hana uchaguzi huo. Hesabu ya mgao kamili wa mkimbizi ni kilokalori 2,100 kwa siku, na mfano wake wa kawaida una gramu 400 za nafaka na gramu 60 tu za maharage au dengu. Tena mgao mara nyingi hupunguzwa. Nimeona wagonjwa wakiuza maharage yote ili wanunue mchele. Nawasihi, msiuze yote. Gramu hizo 60 zina sehemu kubwa ya nguvu ya kujenga mwili. Ziponde, zichekeche, uzile.

Daftari la tumbo

Hakuna mwuguzi awezaye kuandika orodha moja ya kuwafaa wote. Mmoja anakula boga vizuri, mwenzake linamsumbua. Kwa hiyo chukua daftari la shule. Kila siku andika mambo manne: nimekula nini, kilipikwaje, nimekwenda choo mara ngapi na kilikuwaje, maumivu yalikuwa madogo au makubwa. Asiyejua kuandika amwombe mtoto, au achore alama.

Ongeza chakula kipya kimoja tu kwa wakati mmoja, vijiko viwili, kwa siku tatu. Kikikubali, ongeza. Kikikataa, kiache, ukijaribu tena baada ya wiki kadhaa kikiwa kimepondwa zaidi. Haba na haba hujaza kibaba. Na kila mwezi pima uzito kwenye kituo cha afya. Ukipungua kilo mbili mfululizo bila kutaka, njoo na daftari lako.

Maswali ya wasikilizaji

Baba mmoja: Nikipata nafuu, niache dawa?
Hapana, baba. Nafuu hiyo imeletwa na dawa. Daktari ndiye atakayekuambia upunguze lini. Prednisoloni hasa haiachwi ghafla.

Mama mmoja: Maumivu yakizidi, ninaweza kumeza ibuprofeni?
Mama, iepuke, na diklofenaki pia. Zinaweza kuuamsha moto. Uliza juu ya parasetamoli.

Kijana mmoja: Na sigara?
Kwa ugonjwa wa Crohn inazidisha ubaya. Iache.

Bibi mmoja: Yule mama wa Uvira yuko wapi?
Yuko hapa hapa mjini, bibi. Siwezi kusema amepona. Mwaka huu utumbo umewaka tena mara moja. Lakini sasa ana kilo 52, anakula maharage yaliyochekechwa na avoka, na anajua siku ya kuacha na siku ya kurudia. Ameyajua hayo kwa daftari lake, si kwa maneno yangu.

Ndugu zangu, kuuliza si ujinga. Mwenye tumbo la namna hii asijifiche. Tutamsubiri baada ya mkutano, mmoja mmoja, kwa siri.