Mvuvi Haliachi Dau Lake: Kuokoa Vyombo ili Kuokoa Watu Kimbunga Kinapokaribia

Tahadhari ya kimbunga inapotolewa katika pwani yetu, neno la kwanza analoambiwa mvuvi ni asiende baharini. Agizo hilo ni sahihi na limeokoa watu, lakini linaishia njiani. Mvuvi aliyetii akabaki nchi kavu, huku dau lake likielea penye nanga, ana sababu nzito ya kurudi majini upepo ukishaanza kuvuma. Atataka kuongeza kamba, kufua maji yanayojaa ngamani, au kulizuia lisipondwe na mwamba. Dau hilo ndilo shamba lake, akiba yake na ada ya shule ya wanawe, na kwa wavuvi wengi halina bima. Hoja ninayoileta mbele yenu ni kwamba usalama wa chombo na usalama wa mwenye chombo haviwezi kupangwa mbalimbali. Tahadhari isiyosema chombo kiwekwe wapi, lini, na kwa mikono ya nani, inamwachia mvuvi uamuzi mgumu kuliko yote katika saa mbaya kuliko zote.

Wapo wanaosema tunajisumbua kwa jambo lisilotokea. Ni kweli kwamba vimbunga haviumbiki karibu sana na ikweta, na kwamba vingi vya Bahari ya Hindi ya kusini-magharibi huishia Madagaska, Msumbiji na visiwa vya Mascarene. Lakini nadra si sawa na kamwe. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikaharibu karibu vyombo vyote vilivyokuwa bandarini, zikiwemo meli za Sultani Barghash, na kung'oa mikarafuu kwa wingi kiasi kwamba Pemba, iliyopona zaidi, ndiyo ikawa kitovu cha zao hilo. Aprili 1952 ilikuwa zamu ya Lindi. Aprili 2019 Kenneth kilipita kaskazini ya Ngazija na kutua Cabo Delgado, baada ya wakazi wa Mtwara kuwa wamekwisha kuhamishwa kutoka mabondeni. Aprili 2021 Jobo kilielekea Dar es Salaam kikafifia kabla ya kufika. Tarehe 4 Mei 2024 Hidaya kilitua Mafia. Tazameni miezi hiyo: yote ni Aprili na Mei mwanzoni, wakati kaskazi imekwisha, kusi inaanza kushika, na masika yameijaza mito. Hatari yetu ina msimu unaojulikana. Kule Mauritius au Madagaska, ambako vimbunga ni jambo la kila mwaka, mtoto anakua akiona baba yake akifunga chombo. Hapa kwetu kizazi kizima kinaweza kupita bila kuona, na ujuzi usiotumika hupotea. Unadra huo ndio unaotulazimu kufundishana kwa makusudi.

Kinachohitaji kufundishwa kwanza ni tabia ya upepo wenyewe, kwa sababu hapo ndipo uzoefu wa baharia mahiri unaweza kumponza. Nahodha wa pwani hii amelelewa na pepo mbili zinazopokezana kwa miezi. Kusi ikishika, anajua ni hori gani na nyuma ya kisiwa gani chombo kitatulia. Kaskazi ikishika, anahamia upande wa pili. Kimbunga hakifuati mpango huo. Kusini mwa ikweta upepo wa kimbunga huzunguka kama mshale wa saa. Kikija kutoka mashariki kuelekea pwani, walio mbele yake kabisa hupigwa kwanza na upepo wa kutoka kusini. Nahodha atafanya anachokijua: atajificha kaskazini mwa kisiwa au rasi. Kisha jicho likipita juu yake, upepo unatulia, mvua inakatika, pengine na nyota zinaonekana. Baada ya muda, ambao unaweza kuwa chini ya saa moja, upepo unarudi kwa nguvu ileile ukitoka kaskazini, na kile kificho kinakuwa ufuko wa kupondea vyombo. Yaani misimu miwili ya pepo inakuja katika usiku mmoja, na bandari nzuri ya nusu ya kwanza ni mtego katika nusu ya pili. Utulivu wa katikati ndio unaoua, kwa kuwa ndio unaowatoa watu majumbani kwenda kuangalia madau yao.

Walio kusini mwa njia ya kimbunga wana shida nyingine. Kwao upepo hutoka baharini moja kwa moja, ukiongezewa na mwendo wa kimbunga chenyewe, na unaisukuma bahari juu ya nchi. Maji hayo yakikutana na bamvua, yanafika mahali ambapo wazee hawajawahi kuyaona. Kwa hiyo kimbunga kinachotangazwa kutua Mafia kinapaswa kuwashughulisha watu wa Kilwa kama kinavyowashughulisha watu wa Kilindoni kisiwani humo, pengine na zaidi. Na nguvu ya upepo haiongezeki kwa hesabu ya kawaida: kasi ikitoka kilomita 50 kwa saa ikawa 100, msukumo juu ya chombo unakuwa mara nne. Kamba iliyovumilia kusi kali ya Julai haitoi ushahidi wowote kwamba itavumilia hapa.

Ndiyo maana, kwa vyombo vidogo, jibu la kwanza ni kuvitoa majini kabisa. Ngalawa, mtumbwi, dau na boti ya faiba zipandishwe juu ya alama ya bamvua, na si hatua chache tu juu yake, bali mpaka penye miti au nyuma ya matuta. Mashine ifunguliwe ikawekwe ndani, maana mara nyingi ina thamani kuliko boti yenyewe, na petroli iondolewe. Tanga na foromali vishushwe. Chochote kinachoshika upepo ni mpini wa kupindulia chombo. Boti ya faiba ni nyepesi, kwa hiyo wengine huijaza maji ikishakaa vizuri juu ya mchanga, iwe nzito isirushwe. Ngalawa ifunguliwe matengo, ilazwe chini na kufungwa kwenye miti miwili au zaidi. Kuna pingamizi hapa ambalo maofisa hulipuuza, nalo lina ukweli: chombo cha mbao kikikaa juani mbao hukauka, kalafati hulegea, na kikirudi majini kinavuja. Lakini hilo ni suala la wiki, si la siku tatu, na linazuilika kwa kukimwagia maji ya chumvi asubuhi na jioni na kukifunika makuti mpaka kimbunga kikaribie. Mvuvi akipewa jibu hilo badala ya amri tupu, ataelewa kwamba anayezungumza naye anajua dau ni nini.

Vyombo visivyopandishika, yaani majahazi na mashua kubwa, vina kimbilio katika mahori ya mikoko. Tope hushika nanga vizuri, na mikoko huvunja mawimbi. Amari itolewe ndefu, mara saba hadi kumi ya kina, na kina kihesabiwe pamoja na maji yatakayopanda. Kamba fupi yatosha leo, kesho inazamisha omo. Kamba nyingi huanza kukatika pale zinapopita ukingoni mwa chombo, zikisuguliwa usiku kucha. Kipande cha mpira wa bomba kilichopasuliwa na kuvishwa kamba mahali hapo, au gunia lililokunjwa na kufungwa, kinafanya kazi ambayo nanga ya pili haiwezi kufanya. Hata hivyo, hori nalo lichaguliwe kwa akili. Delta ya Rufiji ina msitu mkubwa wa mikoko, lakini Hidaya kilipokuja mto ulikuwa umekwisha kufurika kwa mvua za wiki zilizotangulia, na mto uliofurika huleta magogo na mkondo. Hori lisilopokea mto ni bora kuliko delta nzuri wakati wa masika. Chombo kikishafungwa, watu wote washuke. Hakuna kazi ndani yake usiku ule inayostahili roho ya mtu.

Kwa wenye vyombo vikubwa kuna imani ya zamani kwamba meli ni salama zaidi baharini kuliko bandarini. Kwa meli yenye kasi, inayoondoka siku kadhaa mapema ikiwa na nafasi pana ya kukimbilia, imani hiyo ina msingi. Kwa wengine imekuwa kaburi. Oktoba 1998 meli ya matanga Fantome ilishusha abiria Belize, ikatoka kukikwepa kimbunga Mitch. Kimbunga kikageuka, na mabaharia 31 waliobaki ndani walipotea pwani ya Honduras. Oktoba 2012 meli Bounty ilitoka bandarini Marekani wakati kimbunga Sandy kikijulikana kuwa kinakuja, ikazama. Kati ya watu 16 waliokuwemo, 14 waliokolewa. Jahazi letu halina kasi ya meli hizo wala helikopta za kulitafuta. Na kwa aliyekwisha kuwa mbali baharini, somo ni kimbunga Ockhi cha mwaka 2017, kilichowaua wavuvi kwa mamia kusini mwa India kwa sababu wengi walikuwa wamekwisha kuondoka na taarifa haikuwafikia tena. Redio ya VHF yenye chaneli 16 ni kifaa cha lazima kwa chombo kinacholala nje. Simu ya mkononi huishiwa mtandao mapema.

Ushahidi wenye uzito zaidi kwa hoja yangu unatoka Bangladesh, nao hauhusu vyombo bali ng'ombe. Novemba 1970 kimbunga cha Bhola kiliua watu wasiopungua 300,000. Walipojenga upya mfumo wa tahadhari, waligundua kwamba wapo wanaosikia taarifa na bado hawaondoki, kwa sababu hawako tayari kuacha mifugo. Badala ya kuwalaumu, yalijengwa matuta ya udongo yaliyoinuliwa ili mifugo ipande, na makazi mengine ya dharura yakatengewa sehemu ya wanyama. Pamoja na maelfu ya watu wa kujitolea wanaopeleka habari kijiji kwa kijiji, vifo vimepungua sana ikilinganishwa na 1970. Waliielewa mali ya mnyonge kuwa sehemu ya usalama wake. Dau ni ng'ombe wa mvuvi wetu, na sisi bado hatujamjengea tuta.

Nitaambiwa kwamba kupandisha vyombo ni gharama, na kwamba Jobo kilitangazwa kisha kikafifia. Watu wakipoteza siku tatu za kazi bure, mara ya pili hawatasikia. Sipuuzi hasara hiyo. Siku tatu bila samaki ni siku tatu bila unga nyumbani. Lakini gharama hiyo inaonekana kubwa kwa sababu tumemwachia mtu mmoja mmoja aibebe. Dau linalowashinda watu wanne linapanda kwa watu kumi na watano na magogo sita ya kubiringishia, au kwa winchi moja ya mkono iliyofungwa kwenye nguzo ya zege. BMU zetu, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe na uvuvi, tayari zina orodha ya vyombo na wenyewe. Zinachokosa ni mahali palipotengwa, vifaa, na zamu iliyokubaliwa kabla.

Napendekeza basi kila BMU kutoka Mafia hadi Mtwara, katika mwezi wa Machi, ipime na kuweka alama ya mahali pa kupandishia vyombo, ikague winchi, magogo na kamba, na ipange ni chombo cha nani kinatangulia, kuanzia vya wajane na wazee wasio na vijana nyumbani. Halmashauri ziingize vifaa hivyo kwenye bajeti za maafa, na zimlipe mvuvi fidia ndogo ya siku alizozuiwa kwa amri. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), kwa upande wake, ikitangaza kimbunga iongeze sentensi moja inayotaja saa ya mwisho ya maji kujaa ambayo vyombo vinaweza kupandishwa kabla upepo haujashika, wilaya kwa wilaya. Majedwali ya maji yapo, na utabiri wa upepo upo. Kuviunganisha ni kazi ya ofisini ya asubuhi moja.