Alama za Barabarani: Tujifunze kwa Ajili ya Uhai



Vijana wetu wengi, hasa waendesha bodaboda, wanajiandaa kwa mtihani wa leseni. Baadhi hukariri picha moja moja usiku wa kuamkia mtihani. Baadhi, kwa masikitiko, hutafuta wa kumhonga. Njia zote mbili humzaa dereva mwenye leseni asiye na ujuzi.

Kujifunza si kazi ngumu tukianza na umbo na rangi. Pembetatu yenye ukingo mwekundu huonya: mbele kuna kona kali, au watoto wa shule. Duara lenye ukingo mwekundu hukataza, mathalani kuzidisha mwendo ulioandikwa ndani yake. Duara la bluu huamuru. Alama mbili zimepewa maumbo ya pekee: ile ya SIMAMA ina pembe nane, na ile ya kutoa njia ni pembetatu yenye ncha chini. Hivyo hutambulikana hata zikifunikwa na vumbi au zikitazamwa kutoka nyuma.

Kisha, kwa kila alama, tujiulize: yasema nini? Yanitaka nifanye nini? Yamlinda nani? Swali hili la tatu ndilo kiini cha haki. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani. Zaidi ya nusu ya wanaokufa hivyo ni waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki, yaani wale wasio na bati la kuwakinga.

Basi anayenunua leseni hajaidanganya serikali peke yake. Amemhatarisha mtoto wa jirani avukaye penye pundamilia. Naye anayeiuza anashiriki dhuluma hiyo.

Nashauri kila jumuiya itenge saa moja kwa juma. Mwenye leseni awafundishe wenzake. Alama zichorwe kwenye vipande vya karatasi bila maneno, zichanganywe, kila mmoja aeleze atakayoiokota. Wasio na chombo nao wasikose, kwani barabara ni yao pia. Na atakayeshindwa mtihani asione haya kurudia. Heri kuchelewa kupata leseni kuliko kuwahi kumwaga damu ya mwenzako.