Udongo au Maji: Bustani ya Nyumbani katika Vilima vya Bukavu

Katika mji wa Bukavu, ambako nyumba za Kadutu, Bagira na Ibanda zimebanana juu ya miteremko mikali, mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari, familia inayotaka kujioteshea lengalenga au nyanya hulazimika kuchagua kati ya udongo na haidroponiki, yaani ukuzaji wa mimea katika maji yaliyoyeyushiwa chumvi za lishe. Mara nyingi uchaguzi huo hujadiliwa kana kwamba ni wa ukale na usasa. Mhadhara huu unashikilia kwamba linalopaswa kuulizwa kwanza ni mahali chakula cha mmea kitakapotoka wiki hadi wiki.

Kisayansi, mzizi hunyonya madini yakiwa yameyeyuka, hata pale unapokua ndani ya udongo. Ndiyo maana mnamo miaka ya 1860 Mjerumani Julius von Sachs aliweza kukuza mimea kwa maji na chumvi peke yake. William Gericke wa Chuo Kikuu cha California alipoitangaza njia hiyo katika miaka ya 1930, matumaini yalivuka mpaka, na mwaka 1938 wenzake wa chuo hichohicho, Dennis Hoagland na Daniel Arnon, wakaeleza kwamba penye mwanga na hewa sawa, mavuno ya maji hayazidi yale ya udongo wenye rutuba. Faida ya maji, basi, iko pale ambapo udongo mzuri haupatikani.

Maji yenyewe yanahitaji kuchunguzwa. Ziwa Kivu, linaloonekana kutoka karibu kila kilima cha mji, lina chumvi zipatazo gramu 1 kwa lita, na pH yake, yaani kipimo cha uchachu, hukaribia 9 juu ya uso wa maji, ilhali haidroponiki hutaka 5.5 hadi 6.5. Kipimo kikipanda mno, chuma huwa katika hali isiyonyonyeka, na majani machanga huwa ya manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Maji ya mvua yanayokingwa kutoka kwenye mabati ni bora zaidi, ila kiangazi cha Juni hadi Agosti huyakatiza. Tena, mitambo inayopitisha utando mwembamba wa maji kwenye mizizi hutegemea pampu, na ingawa bwawa la Ruzizi liko mlangoni pa mji, mitaa mingi hukosa umeme mara kwa mara, na saa chache za jua zinatosha kukausha mizizi iliyo wazi. Bernard Kratky wa Hawaii alionyesha njia isiyo na pampu, ambamo maji hupungua taratibu kwenye chombo na mizizi ya juu kubaki hewani. Hiyo ndiyo haidroponiki pekee inayofaa kupendekezwa kwa kaya ya kawaida hapa, hasa kwa saladi. Hata hivyo chumvi zake hutoka ng'ambo, na tangu mji ulipotwaliwa na waasi wa M23 mnamo Februari 2025 na benki kufungwa, kila kinachoagizwa kutoka mbali kimezidi kuwa cha mashaka.

Udongo nao usisifiwe bila kupimwa. Udongo mwekundu wa maeneo ya Kabare na Walungu mara nyingi ni mchachu, na oksidi zake za chuma na alumini huing'ang'ania fosforasi hata mizizi ikashindwa kuipata, kwa hiyo gunia la kuoteshea mboga lililojazwa udongo huo mtupu huvunja moyo. Dawa yake iko nyumbani: maganda ya ndizi na mihogo yaliyooza kuwa mboji, samadi ya sungura na simbilisi, na majivu ya makala, ambayo hupunguza uchachu na kuongeza potasiamu na kalsiamu, mradi yatiwe kwa kiasi kidogo. Mboji hushika maji na kuachilia lishe polepole, hivyo kosa la siku moja haliui mche, ilhali maji hayalisamehi. Gunia lililosimamishwa pia halimlazimishi mtu kuchimba mteremko, na katika mji unaopoteza nyumba na watu kwa maporomoko ya ardhi, sababu hiyo peke yake ina uzito mkubwa.

Kwa hiyo gunia la mboji litangulie, na ndoo ya Kratky ifuate kwa mwenye ua wa saruji, tangi la mvua na uhakika wa chumvi. Vyuo vikuu vya Bukavu vinaweza kusaidia kwa kupima ni kiasi gani cha majivu ambacho udongo wa kila mtaa unahitaji, kwani kiasi hicho hakiwezi kuwa kimoja kwa Panzi na Bagira.