Wasaa wa Mkuu na Uaminifu wa Walio Chini Yake



Panapozungumzwa habari ya kuwafanya wafanyakazi wadumu kazini kwa ikhlasi, aghalabu hutajwa mishahara, marupurupu, mikopo na vyeo, lakini jambo moja husahauliwa kwa kuwa halina fungu katika bajeti. Nalo ni wasaa wa mkuu mwenyewe, saa zake za kukaa na mtu mmoja mmoja wa wale anaowaongoza na kumsikiliza pasipo haraka. Siudharau mshahara, maana mwenye njaa hashibi kwa mazungumzo; lakini wamo miongoni mwetu wakuu wanaolipa vizuri, na bado wanakimbiwa.

Historia ya nchi yetu, Tanzania, inatoa ushahidi. Mwaka 1970 Waraka wa Rais Na. 1 uliagiza kuundwa kwa mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma, na mwaka 1971 chama tawala cha TANU kikatoa Mwongozo, ambao kifungu chake cha 15 kiliwakataza viongozi kiburi, dharau na uonevu. Katika miaka miwili mitatu iliyofuata wafanyakazi wa viwanda kadhaa vya Dar es Salaam waligoma, na mahali pengine wakawafungia mameneja nje ya lango. Na mengi katika malalamiko yao hayakuhusu ujira, bali namna walivyosemezwa na kutendewa na wakubwa wao. Mabaraza yalikuwapo, lakini baraza hukutana kwa nadra, na mtu aliyefedheheshwa Jumatatu mbele ya wenzake hawezi kungoja kikao cha mwezi wa sita.

Huko Marekani nako, katika kiwanda cha vyombo vya simu cha Hawthorne, karibu na Chicago, mali ya kampuni ya Western Electric, majaribio yalianza mwaka 1924 kwa kupima athari za mwanga juu ya kazi. Wataalamu wa baadaye wameyatilia shaka matokeo ya taa zile, nami siyategemei. Ninalolitaka ni lile lililoanza mwaka 1928, pale wafanyakazi zaidi ya 20,000 walipohojiwa mmoja mmoja kwa muda wa miaka michache. Wahojaji walianza na maswali yaliyopangwa, wakaona kwamba mtu hulijibu swali kwa adabu, kisha akarudia lile linalomkera moyoni. Ndipo wakayaweka maswali kando, wakamwachia msemaji aongoze, na mahojiano yakarefuka. Wako waliotoka wamepungukiwa na uchungu hata pale ambapo walilolilalamikia lilikuwa halijarekebishwa. Hapo pana faida, na pana hatari pia, kwa sababu mkuu asiye na dhamira njema anaweza kulitoa sikio lake badala ya haki, na watu wakishaigundua hila hiyo hawatamwambia tena neno la kweli.

Mtasema kwamba saa hazipo. Ni kweli kwamba mtafiti Henry Mintzberg wa Kanada, aliyewafuata wakurugenzi watano kazini mwao na kutoa kitabu mwaka 1973, aliona kuwa nusu ya shughuli zao hazikufika dakika tisa kila moja. Lakini hiyo ndiyo sababu ya wasaa huu kuwekwa katika ratiba na kulindwa, kwani ukiachwa ujipatie nafasi wenyewe hautaipata kamwe.

Wala kumpa mtu wasaa pasipo kumsikiliza hakutoshi. Nilipata kumwona mkuu mmoja wa idara, mtu mwema, akimpokea mtunza stoo aliyeomba kumwona. Alimkaribisha kwa maneno mazuri, akamwonyesha kiti, kisha akaendelea kutia saini majalada yaliyoletwa na karani wa masijala huku akisema, "Sema tu, nakusikia." Simu ikalia, akaijibu, ikalia tena, akaijibu. Mtunza stoo, kama alivyonieleza baadaye, alikuwa amekuja kusema kwamba hesabu ya vipuri katika leja haipatani na iliyomo rafuni, na kwamba anaogopa kuitwa mwizi. Simu ya pili ilipokwisha aliikunja karatasi yake, akaomba ruhusa ya siku mbili kwenda kumwuguza mama yake, akapewa papo hapo, akatoka. Habari ya vipuri ilikuja kujulikana kwa mkaguzi.

Basi nasaha yangu ni hii: kila aliye chini yako moja kwa moja apewe nusu saa katika kila majuma mawili, siku maalumu, hata kama hakuna shauri wala kosa, kwa sababu mkuu anayemwita mtu siku ya kosa tu ameigeuza ofisi yake kuwa mahakama. Kwa watu saba ni saa tatu na nusu. Mwenye watu arubaini hawezi, lakini wasimamizi wake wanaweza, nao watajifunza kwa namna wanavyotendewa naye. Simu inyamazishwe. Ahadi iandikwe katika daftari, na jibu lirudishwe hata likiwa ni hapana, tena pamoja na sababu zake, maana ombi lisilojibiwa humvunja mtu moyo kuliko lililokataliwa. Wala wasaa huu usiwe tunu ya wale tunaokunywa nao chai au tuliotoka nao pwani moja. Na pale ambapo mlango uliofungwa waweza kumtia mwanamke katika hofu au uvumi, wakae barazani wanapoonekana: faragha ya masikio si lazima iwe faragha ya macho.

Wamebaki walinzi na watu wa zamu ya usiku, ambao wengine hupitisha mwaka mzima bila kuonana na mkuu wao, ilhali mali yote ya kazi imo mikononi mwao sisi tulalapo. Kwao napendekeza mkuu afike mara moja kwa mwezi saa kumi na moja alfajiri, kabla ya kupokezana zamu, akae nao nusu saa inayohesabiwa kuwa ya kazi, isikatwe katika mapumziko yao, na mwenye haja ya peke yake apangiwe siku. Semina hii ikiridhia, naomba idara moja ianze jaribio la mapendekezo haya mwezi ujao, na taarifa yake isomwe katika mkutano wetu utakaofuata.